Nimetoka kwenye mkutano wa sayansi ya ubongo na elimu. Kwa nini wanafunzi wetu wanakesha na bado wanasahau?

#1 Mwl_Baridini
Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari hapa Massachusetts, Marekani. Kabla ya kuhamia huku nilishika chaki Kanda ya Ziwa. Wiki hii shule imenilipia kiingilio cha mkutano wa sayansi ya ubongo na elimu hapa Boston. Wanaokutana ni walimu, wakuu wa shule, wanasaikolojia na watu wa maabara za kupiga picha za ubongo.

Mada iliyonikaa kichwani ni hii. Mtoa mada alitugawia karatasi yenye habari fupi. Tukasoma. Akasema geuzeni karatasi, andikeni yote mnayokumbuka. Ukumbi ukanyamaza, kalamu zikakimbia mistari mitatu minne, halafu zikaanza kusimama moja moja. Watu wazima, walimu watupu, wanaangalia dari.

Ndipo akaleta utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa 2006, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja tu, kisha likajaribu kuikumbuka mara tatu bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka: waliosoma mara nne walibaki na 40, waliojikumbusha wenyewe walikuwa na 61.

Kilichonigusa si tarakimu peke yake. Kusoma tena na tena kunampa mtu imani kwamba anajua, kumbe hajui. Nikawakumbuka wanafunzi niliowafundisha nyumbani. Saa 10 alfajiri wako darasani na madaftari, usiku wako prepu, wanakariri mpaka sauti zinakauka. Mtihani ukipita mwezi mmoja, ukiwauliza hawana kitu. Mnadhani tatizo liko wapi hasa? Karibuni.

Jambo la pili, walisema ile habari ya "mitindo ya kujifunza", kwamba mtoto huyu ni wa kuona, yule wa kusikia, yule wa kutenda, haina ushahidi.

#2 ChakiNyeupe
Mwalimu, hapo mwishoni weka ushahidi. Mitindo ya kujifunza tumefundishwa chuo cha ualimu na tumeijibia mtihani. Huwezi kuifuta kwa sentensi moja.

#3 Mwl_Baridini
@ChakiNyeupe haki yako. Mwaka 2008 Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo. Walisema kama nadharia ni ya kweli, lazima tuone hivi: mtoto wa "kuona" afaulu zaidi akifundishwa kwa picha, na wa "kusikia" afaulu zaidi akifundishwa kwa maneno. Tafiti zilizofanywa kwa namna hiyo zilikuwa chache mno, na baadhi zilionyesha kinyume. Hakuna aliyesema watoto wote ni sawa. Mtoto anaweza kupenda picha, sawa kabisa. Lakini ramani ya mito ya Tanzania lazima kila mtoto aione, na wimbo wa taifa lazima kila mtoto ausikie. Kinachoamua namna ya kufundisha ni somo lenyewe.

#4 Daktari_Mtaani
Naongezea. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi. Walioamini hiyo mitindo walikuwa asilimia 93 Uingereza na 96 Uholanzi. Kwa hiyo ChakiNyeupe usijisikie vibaya, ni dunia nzima. Cha kushangaza, walimu waliojua mambo mengi zaidi kuhusu ubongo hawakuwa na kinga. Wao ndio waliokuwa na imani potofu nyingi zaidi.

Kuna ile nyingine ya mazoezi ya Brain Gym kutoka Marekani, watoto wanasugua chini ya mifupa ya mtulinga eti ubongo uamke. Na ile ya kwamba ukisikiliza muziki wa Mozart akili inaongezeka. Utafiti wa 1993 ulipima wanafunzi 36 wa chuo kikuu, faida ikadumu dakika 10 hadi 15, na ilikuwa kwenye maswali ya maumbo tu. Kufikia 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaomba dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe kanda ya muziki huo.

#5 Msukuma_wa_Mwanza
Dah! Sisi tulizaliwa tukisikia ngoma za Bagalu na Bagika na akili zipo timamu 😂

Ila kwenye mada: si inasemekana binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Labda wanafunzi wetu hawajafundishwa kufungua hiyo 90 iliyobaki.

#6 Daktari_Mtaani
@Msukuma_wa_Mwanza hapana ndugu yangu, hiyo nayo imo kwenye orodha ya imani potofu. Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati. Mwili usingelisha kitu kisichofanya kazi kwa gharama hiyo. Na muulize mtu yeyote aliyemuuguza mgonjwa wa kiharusi: sehemu ndogo tu ikikosa damu, mtu anapoteza usemi au mkono.

#7 MamaSuzi
Mimi si mwalimu, ni mzazi, na jibu langu ni usingizi. Binti yangu yuko bweni. Akija likizo siku za kwanza analala kama mgonjwa. Ratiba yao inawaamsha saa 10 na nusu alfajiri, wanazima taa karibu saa 5 usiku. Mtoto wa miaka 15 huyo. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa tamko 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, kwa sababu mwili wa kijana unachelewa kupata usingizi usiku. California wakaifanya sheria, ikaanza kutumika Julai 2022 kwa sekondari za juu. Mwl_Baridini, hili mlilizungumza huko?

#8 Mwl_Baridini
@MamaSuzi sana tu. Walichoeleza ni kwamba usingizi si kupumzika peke yake. Ukiwa umelala ubongo unayarudia yale ya mchana na kuyaweka mahali pa kudumu. Kwa hiyo anayekata usingizi ili asome zaidi anapunguza kile kile alichokisoma.

#9 Otieno_Kisumu
Hamjambo. Huku Kenya Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataja wazi kwamba masomo ya shule za kutwa ni saa 2 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Pita barabarani saa 11 alfajiri uone watoto na mabegi wanasubiri basi la shule gizani. Kanuni ipo. Anayeivunja ni mzazi na mkuu wa shule kwa pamoja, kwa sababu shule ya jirani ikianza mapema, kila mtu anaogopa kuachwa.

#10 ChakiNyeupe
MamaSuzi, Otieno, nawaheshimu, lakini sisi tumesoma kwa koroboi, tumekesha, na tumefaulu. Leo ni walimu, madaktari, wahandisi. Usingizi usiwe kisingizio.

#11 MamaSuzi
Mwalimu, unaowahesabu ni waliofaulu. Mlioanza nao kidato cha kwanza wakaishia njiani, nani anawahesabu?

#12 Binti_Chake
Assalaam alaykum. Mnazunguka mbuyu, tatizo ni lugha. Nafundisha kidato cha pili. Mwanafunzi wangu anakutajia maana ya osmosisi, yaani maji kuhamia penye chumvi nyingi, kwa Kiingereza bila kukosa hata nukta. Siku moja nikamuuliza mmoja: ukikata nyanya na vitunguu vya kachumbari ukatia chumvi, baada ya muda bakuli linajaa maji, hayo maji yametoka wapi? Akanitazama tu. Nikauliza darasa zima, kimya. Halafu wa nyuma kabisa akasema, "Mwalimu, kachumbari haiji kwenye mtihani."

Tulipoanza kuijadili kwa Kiswahili, ndani ya dakika chache wakaanza wenyewe: samaki wa ng'onda, ukwaju unaovimba ukiuloweka, mpaka kidonda kinavyowasha ukiingia baharini. Yaani walikuwa wanaijua. Mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza, na kwetu Zanzibar hesabu na sayansi zinageuka tangu darasa la tano. Anachohifadhi ni sauti, maana haimo. Sauti isiyo na maana lazima ipotee.

#13 kiranja_mkuu
Nakazia #12. Mada ifungwe.

#14 Otieno_Kisumu
Isifungwe. @Binti_Chake mfano wa kachumbari nimeuchukua, kesho utasikika Kisumu. Lakini soma tena #1. Wale wanafunzi wa utafiti wa 2006 walikuwa Wamarekani wakisoma kwa lugha yao, na bado waliosoma mara nne walipoteza zaidi ya nusu ndani ya wiki. Kama lugha ndiyo chanzo, hao wamesahau kwa sababu gani?

#15 Binti_Chake
Sijasema lugha ndiyo chanzo pekee. Nasema kwetu ndiyo mlango wa kwanza. Mwanafunzi wa Marekani alisahau alichokielewa. Wangu anasahau asichokielewa hata siku moja. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

#16 Mlezi_wa_Vijana
Hakuna aliyegusa viboko. Mtoto anayeogopa hawezi kufikiri. Kuna utafiti wa wanafunzi wa shule za msingi hapa hapa Tanzania, ulichapishwa 2016: walioadhibiwa kwa ukali zaidi walikuwa na hofu na huzuni zaidi, na wenye hali hiyo walikuwa na kumbukumbu ya kazi dhaifu zaidi, ile ya kushika mambo kichwani wakati unayafanyia kazi, na hata shuleni walifanya vibaya zaidi. Sheria yenyewe inaruhusu viboko visivyozidi 4, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Nani anahesabu?

#17 Daktari_Mtaani
@Mlezi_wa_Vijana nakuunga mkono kuhusu viboko, lakini tuusome utafiti huo kwa uangalifu. Walipimwa mara moja, kwa wakati mmoja. Unaonyesha mambo hayo yanakwenda pamoja, hauonyeshi lipi limeleta lipi. Inawezekana pia mtoto mwenye kumbukumbu dhaifu ndiye anayechapwa zaidi kwa sababu anakosea zaidi. Mimi napinga viboko hata pasipokuwa na picha ya ubongo. Mtoto kuumia kunatosha kuwa sababu.

#18 Otieno_Kisumu
Na Kenya tulipiga marufuku viboko shuleni 2001. Watoto wetu wanasahau vilevile 🙂

#19 Mlezi_wa_Vijana
Otieno, marufuku ya kwenye karatasi au ya darasani? Umesema mwenyewe kwenye #9 kanuni zenu zinavyofuatwa.

#20 Otieno_Kisumu
Hapo umenishika.

#21 Kijana_wa_Kwale
Jamani mnasahau tumbo na malaria. Kwetu Kwale kati ya 2010 na 2012 kulikuwa na mradi katika shule 101. Shule nyingine watoto walipimwa malaria na kutibiwa kila muhula. Nyingine walimu wa madarasa ya chini walipewa mafunzo ya kufundisha kusoma, miongozo ya somo, na ujumbe wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watu wengi, na mimi nikiwemo, tulitegemea dawa ya malaria ndiyo itabeba matokeo. Haikuwa hivyo. Kupima na kutibu kwa ratiba ile hakukuboresha afya wala masomo kwa kiwango cha kuonekana. Mafunzo ya walimu ndiyo yaliyoinua usomaji.

#22 ChakiNyeupe
Sasa mbona umeanza na "mnasahau tumbo na malaria" halafu ushahidi wako unasema ni mwalimu?

#23 Kijana_wa_Kwale
Kwa sababu malaria kali inayopanda kichwani ni jambo jingine. Utafiti wa miaka mingi Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo wanabaki na shida za kusema, kukumbuka au kifafa. Hao wako madarasani mwenu, na mnawaita wazito.

#24 Daktari_Mtaani
Na kabla mtoto hajazaliwa kuna madini joto. Kuanzia miaka ya 1980 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na uhaba mkubwa. Wachumi walipofuatilia baadaye, utafiti ukachapishwa 2009: watoto ambao mama zao walipata kinga hiyo mapema katika ujauzito walifika mbele zaidi shuleni, kwa kadirio la theluthi moja hadi nusu ya mwaka wa masomo, na faida ilionekana zaidi kwa wasichana. Vidonge tu kwa mama. Hakuna semina ya walimu inayogharimu kidogo hivyo.

#25 Mzee_wa_Kisomo
Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote kwa utulivu. Mnazungumza watoto tu. Mimi nilifundisha madarasa ya jioni tangu enzi za Mwalimu, alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walituambia samaki mkunje angali mbichi, mtu wa miaka 50 hafundishiki. Nimewaona wanawake wametoka shambani, mikono ina udongo, wanashika kalamu kwa vidole vyote vitano kama wanashika mpini wa jembe. Baada ya miezi wanasoma barua za watoto wao bila kumtafuta mtu. Sayansi ya huyu kijana wa Boston inasemaje juu ya hao?

#26 Mwl_Baridini
Shikamoo mzee wangu. Inasema ulikuwa sahihi. Mwaka 2010 Dehaene na wenzake walilinganisha watu wazima wa Ureno na Brazili: wasiojua kusoma, waliosoma utotoni, na waliojifunza ukubwani. Waliojifunza ukubwani nao ubongo wao ulikuwa umebadilika. Lile eneo la upande wa kushoto nyuma linalotambua herufi lilikuwa limeamka, na hata namna ya kusikia lugha ilikuwa imebadilika. Yule mama aliyeshika kalamu kama mpini alikuwa anajenga kitu kichwani.

Na mzee, watoto wanaosoma kwa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, Kiswahili kikiwemo, hukamata kusoma maneno mapema kuliko wanaoanzia Kiingereza. Ile ba be bi bo bu yenu ilikuwa na nguvu.

#27 Mzee_wa_Kisomo
Marahaba. Ahsante sana.

#28 Fundi_Hoja
Nimefika nimechelewa, lakini kuna swali hamjauliza. Hiyo ya kujikumbusha ilihitaji mashine gani ya kupiga picha za ubongo? Hakuna aliyepigwa picha ya kichwa katika utafiti wa 2006, ni karatasi na kalamu. Mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus aliandika habari za kusahau na kurudia kwa vipindi mwaka 1885 akijipima mwenyewe. Hiyo ni saikolojia ya zamani. John Bruer alionya 1997 kwamba kutoka kwenye chembe za ubongo hadi darasani ni mbali mno, na kwamba lazima upitie saikolojia katikati. Sasa mikutano inaweka picha ya ubongo yenye rangi kwenye slaidi, na kila kitu kinakuwa kipya. Mwl_Baridini, kati ya uliyoyasikia, lipi mwalimu asingelijua bila mashine?

#29 Mwl_Baridini
@Fundi_Hoja swali zito, na nakubali sehemu kubwa. Kwa kujikumbusha na kutenganisha vipindi, mashine haikuongeza jambo la kufanya darasani. Lakini kwenye kusoma imeongeza. Kwa kuona ubongo unavyounganisha herufi na sauti, mabishano ya zamani kuhusu kufundisha watoto waangalie neno zima kama picha yamepata uzito upande wa wanaofundisha kwa sauti za herufi. Na kwa mtoto mwenye disleksia, yaani shida ya kusoma maneno, mzazi akionyeshwa kwamba ni tofauti ya ubongo, anaacha kumwita mvivu. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwenye kikao cha wazazi.

#30 Fundi_Hoja
La disleksia nakupa. La kusoma, walimu wa sauti walikuwepo kabla ya mashine, muulize Mzee wa Kisomo.

#31 Binti_Chake
Fundi_Hoja, umenikumbusha chuoni. Nazungumzia madrasa. Mwanafunzi wa hifdhi, yaani kuhifadhi Qurani, anamsomea ustadhi kwa moyo, msahafu umefungwa, kila siku. Jipya la leo, la jana, halafu muraja'a, yaani marudio, ya juzuu za nyuma kwa zamu. Ndiyo hayo hayo mliyolipia kiingilio Boston: kukumbuka bila kutazama, na kurudia kwa kuachanisha. Watu wanabeba juzuu 30 vifuani miaka 60 bila kupoteza herufi.

#32 ChakiNyeupe
Lakini @Binti_Chake, #12 ulisema sauti isiyo na maana lazima ipotee. Hao watoto wengi hawajui Kiarabu na haipotei. Chagua moja.

#33 Binti_Chake
Haipotei kwa sababu inarudiwa maisha yote, mpaka kwenye sala. Nani anairudia osmosisi kwenye sala? Na hifdhi ina lengo lake, tafsiri ya maana ni darasa jingine. Mtihani wa taifa unataka vyote viwili kwa mara moja.

#34 kiranja_mkuu
ChakiNyeupe leo umeamua. Hii naisoma na chai kabisa.

#35 Mwl_Geita
Mimi naomba jambo la kufanya Jumatatu. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia, vitabu havitoshi, wengine wamekaa chini. Nitawapimaje hao bila kufa kwa kusahihisha?

#36 Mwl_Baridini
@Mwl_Geita usisahihishe. Ukiingia tu, andika ubaoni maswali matatu: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yamefungwa. Kila mmoja anajibu kwenye karatasi ya nyuma, dakika tano. Kisha wanageukiana wawili wawili, wanasahihishana huku wewe unatoa majibu. Usiandike alama popote, maana ukiweka alama hofu inarudi na watu wanaanza kuchungulia. La muhimu ni ile hangaika ya kutafuta jibu kichwani, halafu kupata jibu sahihi hapo hapo.

#37 NauliYangu
Mkuu, na sisi huo mkutano tunaupataje? Kuna ufadhili?

#38 Mwl_Baridini
Kiingilio ni mamia ya dola kabla ya hoteli na ndege, bila shule au mfadhili ni vigumu. Lakini ule utafiti wa 2012 wa Daktari na mwingine wa 2016 wa Mlezi vyote vinasomwa bure kwenye intaneti. Anzeni hapo.

#39 Mwl_Geita
Shukrani. Swali la kachumbari nalo linaingia kwenye matatu ya Jumatatu. Nitawauliza kwa Kiswahili.

#40 Otieno_Kisumu
Mwl_Geita fanya hivi utusaidie sote: mkondo mmoja uliza kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiingereza, kisha warudie mtihani ule ule baada ya mwezi. Mimi nasema tofauti itakuwa ndogo.

#41 Binti_Chake
Na mimi nasema itakuwa kubwa. Ila mikondo yote miwili iwe imelala, MamaSuzi asije akatuvuruga hesabu.

#42 MamaSuzi
Kwa ratiba ipi, ya bweni au ya nyumbani?